Shoga, kuhusu huyo Dee wako

Shoga yangu,

Voisi noti yako ya dakika nane nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia, ya pili usiku huu nimeshapika nimekaa. Nikaona hii haijibiki kwa voisi, acha nikuandikie.

Unasema Dee wa "Everyday Use", ile hadithi fupi ya Alice Walker, hana adabu, shule imempanda kichwani, hadithi imeisha. Sikukatalii. Anarudi kwa mamake kijijini na gauni linalong'aa mpaka linaumiza macho, salamu hajamaliza keshatoa kamera anapiga picha nyumba na mama na ng'ombe aliyepita, mdogo wake Maggie yupo nyuma ya mama na makovu yake ya moto anatafuta pa kujificha. Af jina kabadilisha, eti sasa ni Wangero Leewanika Kemanjo! Hivi hilo Wangero wewe hukucheka? Mi nililisoma kama Wanjiru aliyekosewa spelingi. Na salamu yake si ya Waganda ile, wasuze otya nno, ila imeandikwa vipande vipande kama mtu anayeisoma kwenye karatasi. Alice Walker alifika Uganda akiwa bado mwanafunzi miaka ya 60, kwa hiyo mi naamini kakosea kusudi, anatuonyesha mtoto aliyeipenda Afrika kwa mbali bila kuuliza mtu. Na yule mwanaume aliyekuja naye anayesema "Asalamalakim", mama wa watu akadhani ndo jina lake akawa anamwita hivyo hivyo, hapo nilikufa.

Ila sikiliza. Ile hadithi anasimulia nani? Mama. Yani kila tunachokijua kuhusu Dee tumeambiwa na mtu ambaye ameshaumia. Hata siku nyumba ilipoungua, Dee kasimama mbali chini ya mti anaangalia, mama ndo anasema moyoni si ucheze ngoma basi kuzunguka majivu. Dee alikuwa anafikiria nini pale? Hatujui, labda mshtuko tu. Huyo ni mtoto ambaye mama na kanisa walichanga hela wakampeleka shule Augusta, wakamtoa pale wenyewe, af akirudi wanashangaa mbona kawa mgeni.

Sa mweke pembeni na yule kaka mkubwa kwenye "Sonny's Blues", hadithi ya James Baldwin ya 1957, hii ya Walker ni 1973. Ukiwaangalia vizuri ni mtu mmoja! Kaenda shule, ni mwalimu wa algebra Harlem, mtaa wa watu weusi New York, anajiona yeye ndo aliyetoka salama, mdogo wake Sonny kanasa kwenye heroini na anamsoma kwenye gazeti akiwa kwenye treni kwamba kakamatwa. Unajua alifanya nini? Hakumwandikia. Mama yao kabla hajafa alimsihi asimwache mdogo wake ajione yuko peke yake, na yeye akakaa kimya mpaka kabinti kake Grace kalipokufa kwa polio, ndo akachukua kalamu, anasema mwenyewe kwamba matatizo yake ndo yalifanya ya Sonny yawe ya kweli. Shoga, huyo na Dee nani katili zaidi? Dee alitaka mablanketi ya viraka ya bibi tu. Na pale Sonny anapomwambia anataka kupiga jazi, kaka anatoa jina la Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa zamani, uso wa mdogo wake unafunga kama kapigwa kofi, na akimtaja Charlie Parker, mpiga saksofoni wa jazi mpya, kaka anauliza huyo ni nani. Ni kama Dee na lile jina lake, mtu aliyesoma asiyejua cha nyumbani.

Lakini huyu tunamsamehe, mi nililia kabisa pale mwisho klabu anapokaa gizani anamsikiliza Sonny kwenye piano kwa mara ya kwanza, na kile kinywaji cha wiski na maziwa alichomtumia Sonny kikawekwa juu ya piano. Tunamsamehe kwa sababu anasimulia yeye. Tunamwona anavyojilaumu. Dee hakupewa hata ukurasa mmoja wa kujilaumu.

Yule mume wa "Cathedral", hadithi ya Raymond Carver, ndo kabisa, hana hata jina, ana wivu na kipofu wa watu, rafiki wa mke wake aliyekuja kuwatembelea, ambaye kafiwa na mke wake juzi tu, vipofu anawajua kwa sinema. Angesimulia mkewe tungemchukia kuliko Dee. Ila anasimulia mwenyewe, mpaka wanafika kuchora kanisa kwenye mfuko wa dukani, mkono wa kipofu juu ya wake, anaambiwa afumbe macho, anafumba, na akiambiwa afumbue anakataa. Dee yeye anaondoka kavaa miwani ya jua iliyomfunika uso karibu wote. Hiyo miwani nimeifikiria wiki nzima.

Nikwambie kwa nini kimenishika hivi, na usinicheke. Kwetu mi ndo Dee. Dada alibaki na mama, mi nikapelekwa shule. Mwaka juzi nimeenda nyumbani nikaona kinu cha bibi, kile kizee kimechakaa mdomo, nikamwambia dada nakichukua Dar, nitakiweka sebuleni juu yake niweke kioo kiwe kimeza. Dada akaniangalia, akasema, "Na mimi nitatwangia wapi?" Basi. Niliposoma Dee anataka kifuniko cha chombo cha kusukia maziwa akipambie meza, wakati maziwa bado yamo ndani, nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Kwa hiyo naposema mama angemwacha Dee aongee, sehemu najitetea, najua. Na bado mama alikuwa sahihi kumpokonya yale mablanketi ya viraka akamtupia Maggie mapajani, Maggie ndo anajua kuyashona, bibi alimfundisha. Mama alitaka kumpa Dee moja zamani anaenda chuo, akasema ni ya kishamba. Hapo sina utetezi.

Unaporudi Dar njoo nacho kile kitabu changu cha Baldwin, mwaka wa pili huu. Na jibu kwa maandishi, voisi zako zinanimalizia bando.

Wako,
Dee wa Dar