Mkono wa Kushoto

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Jana ulidhani sikuja kukusikia ukipiga kinanda na bendi. Nilikuja. Nilisimama nyuma kabisa pale Kondele, karibu na mama wa samaki, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, maana najua ukiniona unaanza kupiga kwa kujionyesha. Nilikaa hata stima ilipopotea.

Unapiga vizuri kuliko nilivyotarajia. Sasa nikwambie kilichoniudhi, nawe univumilie kwa kuwa mimi ni mtu wa besi, gitaa la sauti za chini, na watu wa besi tuna kinyongo chetu cha zamani na wapiga kinanda. Mkono wako wa kushoto hautulii. Yule kijana wa besi akishuka chini, nawe unashuka. Mnakanyagana. Huko jukwaani huenda hamkusikia, lakini kule nyuma spika zilitoa mngurumo tu, ngoma zikazama ndani yake. Bendi ikiwa na mpiga besi, huo mkono upandishe hadi katikati ya kinanda, au utie mfukoni. Kwenye ohangla (ngoma zetu za Kijaluo) ya matanga, ambako mara nyingi gitaa la besi halipo, mambo hugeuka: mkono huohuo ndio besi, na ukiufanyia mchezo, wachezaji wanakosa pa kukanyaga. Kwa hivyo kabla hujawasha kinanda, tazama nani amekuja na nini.

Benga, muziki wetu wa magitaa, nayo ina adabu yake. Gitaa la solo linadonoa sauti moja moja, linaongea kama nyatiti, kinubi chetu, na gitaa la pili linalijibu. Hapo katikati hapana pa kuweka kodi nzito (nasema kodi za muziki, sauti kadhaa kwa pamoja, si za mwenye nyumba). Wewe ulimwaga sauti za fidla tangu mwanzo hadi mwisho, na yule wa solo aligeuka kukutazama mara mbili. Ulimwona? Ungeshika sauti mbili tu, za juu, fupi, pale anapopumua. Vitufe 61 hivyo si deni kwamba lazima uvimalize. Nyatiti ina nyuzi 8, na mtu mmoja anakesha nayo na watu hadi alfajiri.

Halafu yule mzee wa orutu, fidla yetu. Uzi wake ni mmoja, anaukaza kwa sikio, na umande ukiingia unalegea. Kinanda chako hakijui umande. Basi wewe ndiye wa kumpa sauti aifuate kabla ya wimbo wa kwanza, usingoje akuombe. Na ukibonyeza kile kitufe cha kupandisha ki, yaani sauti ya wimbo mzima, kwa ajili ya mwimbaji, kirudishe wimbo ukiisha. Ule wa nne uliuanza peke yako, wenzako wako kwingine. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ndipo stima ikapotea. Magitaa kimya, kinanda kimya, orutu na ngoma vikaendelea, na watu wakazidi kucheza gizani. Ulikunja mikono kidogo. Kisha nikakuona kwa mwanga wa simu za watu: umeokota chupa ya Fanta, unaikwaruza kwa kijiko, uko ndani ya mdundo kabisa. Mkono wa kushoto umeshika chupa, umetulia tuli. Hapo ndipo nami nilicheza.

Mama yako anasema Jumapili ijayo kuna omena. Njoo na kinanda. Besi yangu nimeishusha kutoka juu ya kabati.

Baba yako