Kabla Hujatuma Pesa ya Giaboksi Kariakoo

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa alikuja gerejini kwetu Mwanga, Kigoma, kwa bodaboda, funguo mkononi, gari kaliacha nyumbani. Fundi wa kwanza alikwisha mwambia giaboksi imekufa, atafute nyingine. Kwetu alitaka bei ya kufunga tu.

Tukamuuliza, "Mama, gari linafanyaje?"

"Mkono wa gia hautoki kwenye P. Nimeuvuta mpaka bega linauma."

Tukamwambia arudi nyumbani, akanyage breki, mtoto asimame nyuma aangalie taa. Hazikuwaka. Kilichokufa kilikuwa fyuzi ya taa za breki. Magari mengi ya oto hufungua mkono wa gia kwa kutumia swichi ileile inayowasha taa hizo; umeme ukikatika, gari linaona hujakanyaga breki, nalo haliachii P, nafasi ya kuegesha, ng'o.

Si kila gari linapona kwa fyuzi. Ila sisi tuko mwisho wa reli. Giaboksi ya mtumba ikitoka Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja hapa, na hakuna ajuaye iliishije huko Japani. Ukiifunga na tatizo likabaki palepale, gharama ya kushusha na kupandisha haikurudii. Ndiyo maana gari la gia likija kwetu hatugusi nati hata moja kabla ya kupima.

Tunaanza na oili, ile ambayo wengine huiita haidroliki. Kwenye Toyota za zamani zenye kijiti cha kupimia, oili hii haipimwi kama ya injini. Gari litembee mpaka lipate moto, lisimame mahali tambarare, handibreki juu, injini ikiwa inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila nafasi kutoka P hadi L, urudi P, ndipo uchomoe kijiti. Soma alama ya HOT. Ukipima injini imezimwa, kipimo kinadanganya kwamba oili imejaa, na tumeona magari yaliyobaki na oili pungufu kwa kosa hilo. Ikizidi nayo ni balaa: inapigwa povu, na povu haliwezi kusukuma gia. Honda wao wana utaratibu tofauti, hupimwa mara tu baada ya kuzima injini, kwa hiyo usimfuate jirani mwenye gari jingine.

Kisha tunaiangalia. Oili nzima ni nyekundu inayopitisha mwanga, kama juisi ya choya. Ikiwa kahawia imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuteketea. Inayotutisha kuliko zote ni ile ya rangi ya waridi yenye utando kama maziwa: maji yameingia. Yanatoka kwenye rejeta, kwa sababu oili ya giaboksi hupoozwa humo ndani, na rejeta inayojazwa maji matupu kila wiki badala ya kulenti, maji yenye dawa ya kuzuia kutu, huliwa na kutu. Ukiona rangi hiyo zima gari papo hapo. Usisogee nalo hata mpaka sokoni.

Aina ya oili nayo ina kesi zake. Toyota iliyoandikiwa oili ya T-IV isiwekewe ya WS, na gari lenye CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, lisiwekewe ATF, oili ya oto ya kawaida, kwa sababu tu duka lilikuwa nayo. Na ukimwaga kwa nati ya chini, mara nyingi inatoka nusu au pungufu, nyingine inabaki kwenye toki konveta, lile bakuli linalounganisha injini na giaboksi.

Oili ikiwa safi na bado gia zinasumbua, tunaenda kwenye waya. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina waya mwembamba unaotoka karibu na ule wa mafuta pale juu ya injini na kushuka hadi kwenye giaboksi. Ndio unaoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, ipandishe presha. Ukilegea, gia zinabadilika mapema na kuteleza; RPM inapanda kwenye kilima cha kwenda Kasulu lakini gari halivuti. Ukikazwa mno, gia zinachelewa na kuingia kwa kishindo. Mara nyingi mtu alifungua injini kwa shughuli nyingine akaurudisha vibaya. Kuurekebisha ni kazi ya dakika chache, na mwenye gari alikwisha anza kukopa.

Halafu umeme. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikipepesa yenyewe, kompyuta imehifadhi kosa. Kwenye gari la zamani tunalisoma kwa kuhesabu mipepeso: 62 na 63 ni solenoidi, yaani vali za umeme za kubadilishia gia, 42 ni sensa ya mwendo. Solenoidi nzima kwenye giaboksi nyingi za Toyota za enzi hizo ukiipima ukinzani wake ina omu 11 hadi 15. Mara nyingine solenoidi ni nzima, panya ndiye kala waya.

Kipimo ninachokipenda mimi ni cha kuchomoa soketi ya solenoidi kabisa. Kwenye giaboksi za Toyota za familia ya A340, iliyomo kwenye Hilux Surf za miaka ya 1990, bila umeme L inatoa gia ya kwanza, 2 inatoa ya tatu, D inatoa ya nne. Gari likizifuata zote vizuri, ndani kuko salama na ubaya uko kwenye umeme. Likiteleza hata hapo, tatizo limo ndani, na hapo tunakwambia ukweli hata kama hutaupenda.

Kishindo unapoingiza D huku mengine yote yakiwa sawa? Tazama maunti, vile vishikizo vya mpira vya injini, na kama sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, iko juu mno, kabla ya kingine chochote.

Ukiamua kuleta gari, lilaze kwetu usiku au lilete asubuhi kabla halijapata moto. Kuna gia zinazogoma zikiwa baridi tu, na ukifika saa saba mchana umetoka Ujiji kwenye foleni, ugonjwa huo hatutauona. Usiongeze oili njiani. Na kama haliendi kabisa, lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Tupigie tuje tulitazame lilipo.