Barua ya wazi: Mheshimiwa, ile ilikuwa dawa gani?

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumai u mzima. Sisi wa nyuma ya ua wa kiwanja cha ndege tungali hai, ingawa jana saa nane mchana tulilala kifudifudi tena. Ndege nyingine ya kunyunyizia mashamba dawa ilipaa juu ya mabati yetu, tumbo limejaa, magurudumu nusura yaguse kamba za nguo. Hiyo ilipita. Ile ya wiki saba zilizopita haikupita, ilianguka.

Ulikuja siku ya tatu, tunashukuru. Ukapigwa picha kando ya bawa lililokwama mtaroni, ukatuomba tuwe watulivu, majibu yangetoka baada ya wiki mbili. Tumetulia, Mheshimiwa. Tumetulia mpaka watu wanatuuliza kama tumelipwa.

Mimi si rubani, nauza mboga. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na jua likiwaka hewa huwa nyepesi zaidi, ndege hukimbia sana ndipo inyanyuke. Nani alilijaza tangi la dawa pomoni saa hiyo? Labda injini nayo ilikohoa. Niliisikia, au nilidhani. Rubani alipoona haipandi alifungua tangi akamwaga yote. Simlaumu, alikuwa anaokoa roho yake, na alitoka na mguu uliovunjika tu. Ila alichomwaga kilituangukia sisi.

Kilikuwa cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Kufikia jioni sukuma zangu zilikuwa zimeungua madoadoa, na kuku wanne wamekufa. Mwanangu wa miaka sita alikuwa nje akiendesha tairi. Hadi leo macho yake hayakauki usiku. Hospitalini daktari aliniuliza swali moja: ni dawa gani? Nikabaki nikimtazama.

Nimefika ofisini kwako mara nne. Faili iko juu, faili iko chini, mwenye faili yuko semina. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa siku 21 kunijibu, na saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai wa mtu. Hesabu mwenyewe.

Fidia tutaongea baadaye. Kuku nimesamehe. Naomba jina la dawa, hata uliandike kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Jina tu. Jumatatu tunarudi kliniki, na daktari ataniuliza tena.

Mama mboga, nyuma ya ua