Heri ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, kwa walio njiani na kwa tuliobaki

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zangu wanajumuiya, wazee wetu, akina mama, vijana wetu na watoto wa Utoto Mtakatifu, nawasalimu nyote kwa furaha ya sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Namshukuru Mungu aliyetuvusha hadi mlangoni mwa Juni tukiwa wazima, maana wengi tulioanza nao mwaka hatunao tena.

Nawaandikia huku wenzetu wa hija ya miguu ya Namugongo, kule Uganda walikochomwa mashahidi, wakiwa bado barabarani. Jana usiku walipiga simu kutoka Lukaya. Mvua iliwanyeshea mchana kutwa na miguu imejaa malengelenge, ila wako salama, na leo wanatarajia kuupita mstari wa Ikweta pale Kayabwe. Kwa hesabu yao watalala Kampala tarehe 1, ili tarehe 2 waingie Namugongo jua likiwa juu na kupata pa kuketi kabla ya mkesha. Tuwaombee.

Mwaka huu umekuwa mgumu, tusifichane. Wengi waliojiandikisha Januari walijitoa baada ya Pasaka, wala si kwa kukosa imani. Akiba ya hija imekwenda kwenye ada, unga na mafuta ya kula. Nauli ya basi kutoka Mbezi hadi Bukoba peke yake ni mzigo, na hapo mtu bado hajafika mpakani Mutukula, hajanunua hata chupa ya maji. Mama mmoja wa kanda yetu alikuja kuniomba arudishiwe mchango wake kwa sababu mtoto amerudishwa shule. Nilimrudishia wote. Asione haya, Mungu anaijua hija yake.

Na mwaka huu tumekwenda bila Mwenyekiti. Ninyi mlimwita Mwenyekiti. Kwangu alikuwa kaka, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Tulimzika katikati ya Kwaresima. Mnalikumbuka daftari lake. Kila mwaka alianza na tarehe 3 Juni juu kabisa ya ukurasa, kwa wino mwekundu, kisha akashuka kinyumenyume: tarehe 2, tarehe 1, 31 Mei, na mbele ya kila tarehe jina la mahali pa kulala. Mpigi, Buwama, Kayabwe, Lukaya, Masaka, Kyotera, mpaka Mutukula. Penye Jumapili alichora msalaba, maana yake Misa kwanza. Tarehe ya kuondoka Dar ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuandikwa, huko chini kabisa. Alisema sikukuu haimsubiri mtu, kwa hiyo anayetaka kuiwahi aanze kuhesabu kutoka kwake.

Shemeji amenikabidhi daftari hilo. Ukurasa wa mwaka huu aliuandika mwenyewe, nadhani wakati wa Krismasi. Masaka hadi Lukaya, mwendo aliozoea kuumaliza kwa siku moja, ameugawa mara mbili. Kila kituo amekisogeza karibu, na siku ya kuondoka ameirudisha nyuma sana kuliko miaka yote. Hakumwambia mtu kwamba pumzi inampungukia. Aliliambia daftari. Nimelia sana juu ya ukurasa ule, ndugu zangu, na ninapoandika haya bado nalia.

Kinachonifariji ni mashahidi wenyewe. Walihukumiwa mahali paitwapo Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886, wakaswagwa kwa miguu wakiwa wamefungwa. Ponsiano Ngondwe, Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza waliuawa njiani, Namugongo hawakuiona. Wenzao walifika, wakakaa kama wiki nzima huku kuni zikikusanywa, wakachomwa tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana. Lakini Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu 22 mnamo 18 Oktoba 1964, wale watatu walikuwamo. Kanisa halikuuliza nani alifika na nani aliangukia barabarani. Kaka yangu namweka katika hesabu hiyo.

Sasa niseme na mnaokusudia kwenda mwakani. Anzeni leo. Anayengoja Mei ndipo akumbuke kadi ya homa ya manjano ajue kwamba chanjo huhesabiwa halali baada ya siku 10, na mpakani hakuna wa kumwonea huruma. Viatu vipya msivivalie safarini. Vitembeeni kwanza hadi Pugu na kurudi. Msiende mbio siku za mwanzo kwa kuwa mna nguvu, mwenda pole hajikwai. Wala msiwahi kupita kiasi, kwa maana anayefika wiki nzima kabla hula akiba yote, na mkesha unamkuta na njaa. Aliyechelewa naye hudandia bodaboda ya mwisho, akaikuta Misa imefika Komunyo.

Zaidi ya viatu, tazameni mioyo. Utatembeaje kilomita zaidi ya 200 na rozari mkononi, ilhali jirani yako wa ukuta mmoja hamsalimiani? Lipa deni kabla ya kuondoka. Kama huna cha kulipa, nenda ukamwombe subira anayekudai. Mwombe radhi mkeo, mwombe radhi mumeo. Shahidi Kizito alikuwa kijana mdogo na hakuikana imani mbele ya moto; sisi tunaikana mbele ya shilingi elfu kumi, kwenye mizani ya duka na kwenye kikao cha urithi. Vijana, hija si picha za simu. Wazazi, msiwatume watoto Namugongo wakaombe amani ambayo nyumbani mmeifukuza.

Tuliobaki Dar, tarehe 3 tuhudhurie Misa parokiani, na jioni tukutane kwa shemeji kwa rozari na litania ya watakatifu. Kila mmoja aje na mkeka, viti ni vichache. Chai ipo. Mwenye sukari kidogo nyumbani aje nayo.

Nawatakia nyote sikukuu njema, yenye amani, afya na baraka tele. Mashahidi wa Uganda watuombee. Raha ya milele umpe ee Bwana marehemu wetu, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.

Mweka hazina wenu