Mwanaidi, lile dumu la buluu

Can Gio, Vietnam
11 Agosti 2025

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Natumai mu wazima wote hapo Nyamisati, na mguu wa mama umepoa. Mimi huku ni mzima, ila mvua hainipi nafasi, na wali wananilisha asubuhi, mchana na usiku hadi nimeanza kuota ugali.

Ujumbe wako wa jana, baada ya kuiona picha ya pipa niliyokutumia, ulinichekesha: "Yaani umepanda ndege ukapige picha mapipa?" Ndiyo, shoga. Pipa lile lina habari ndefu, na simu si ya kuielezea, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ni pipa la lita 208, kama yale ya mafuta tuliyokuwa tukiyaviringisha gatini. Wakati wa vita vya Vietnam Wamarekani waliyazungushia mstari wa rangi katikati ili wajue kila moja lina dawa gani ya kuua mimea: waridi, zambarau, nyeupe, buluu, chungwa. Dawa ya mstari wa chungwa ndiyo iliyotumika zaidi, ikaitwa Agent Orange. Wavietnamu hawakuipamba jina. Kwao ni sumu ya chungwa, basi. Kunyunyiza kwa majaribio kulianza Kon Tum tarehe 10 Agosti 1961, na ndiyo maana jana ilikuwa siku ya kuwakumbuka walioathirika. Kisha kuanzia 1962 hadi 1971 ndege zikamwaga dawa hizo zaidi ya lita milioni 70. Walinyunyizia misitu ili wapiganaji wakose pa kujificha, na mpunga ili wakose cha kula. Ile ya mstari wa buluu, yenye sumu ya aseniki, ndiyo waliyoipenda kwa mpunga. Marubani wale walikuwa na kaulimbiu yao ya mzaha, kwamba wao tu ndio wawezao kuzuia misitu isiote. Nimejaribu kuucheka mzaha huo, umenishinda.

Sasa nikupe ya mikoko, maana ndiyo iliyonileta. Wewe na mimi tumekulia kwenye tope. Tunajua mchu ukiukata utachipua, na mkoko ukiukata umeuua. Unakumbuka babu yako alivyokuwa akitugombeza tukivunja matawi ya mkoko kwa ajili ya kuni? "Huo haurudi!" Basi fikiria ndege imepita juu mara moja. Mara moja tu, Mwanaidi. Mkoko ukinyunyizwa hupukutisha majani yote, na kwa vile ukuni wake mkongwe hauna macho ya kuchipua, unakufa umesimama. Hapa Can Gio ndiko mto wa kwenda Saigon unakoingilia baharini, na wapiganaji walikuwa wakijificha humu kuvizia meli. Zaidi ya nusu ya msitu ikafa. Vita vilipokwisha, watu wakaingia na mashoka kuchimbua visiki vikavu wapate kuni na mkaa, na tope likabaki uchi.

Mwaka 1978 wakaanza kupanda upya. Mbegu zililetwa kwa mashua kutoka Ca Mau, ncha ya kusini kabisa ya nchi, zikachomekwa moja moja kwa mkono, maji yakipwa, watu wamezama matopeni hadi mapajani. Ni maelfu kwa maelfu ya hekta, na kazi ile imechukua miaka na miaka. Mwaka 2000 UNESCO ikauweka msitu huu kwenye orodha yake ya hifadhi za biosfia, yaani mahali pa kulinda viumbe na mazingira yao. Nilipoingia ndani kwa mtumbwi, harufu ilikuwa ileile ya kwetu, na vidagaa vya topeni vikirukaruka vilevile, nikashikwa na kitu kooni. Mwalimu anayetufundisha mikoko huku lakini hatufichi: sehemu kubwa ni mti wa aina moja uliopangwa mistari kama shamba la mkonge. Hakuna mchanganyiko wetu wa mkoko, mchu, msinzi na mkandaa, kila mmoja mahali pake. Halafu tumbili wamejaa. Mmoja amenipokonya miwani, na hii naiandika nikiwa nimekodoa macho.

Kwa hiyo mti unaweza kurudishwa na mkono wa mtu. Kisichorudishika kwa jembe ni kile kingine kilichokuwa ndani ya pipa.

Agent Orange ilikuwa dawa mbili zilizochanganywa nusu kwa nusu, 2,4-D na 2,4,5-T. Zote mbili huoza udongoni, baada ya wiki au miezi zimekwisha. Lakini 2,4,5-T ilipikwa viwandani harakaharaka, kwa moto mkali kupita kiasi, maana jeshi lilitaka mapipa mengi, na kupika vile kunazaa uchafu uitwao dioksini. Hakuna aliyeiagiza dioksini, wala haikuwa na kazi yoyote ya kuua majani. Ni makoko ya sufuria, lakini makoko yasiyooza. Haiyeyuki majini, hung'ang'ania tope na mafuta. Inatoka topeni kwenda kwa samaki, bata na kuku, inaingia kwenye mafuta ya mwili wa mlaji, na kwa mama inapita kwenye maziwa hadi kwa mtoto anayenyonya. Ikishaingia mwilini, huchukua miaka saba au zaidi ili ipungue nusu tu. Kwenye udongo wa chini, jua lisikofika, inahesabiwa kwa vizazi.

Ndiyo maana sehemu mbaya zaidi leo si misitu iliyonyunyizwa, ni viwanja vya ndege ambako mapipa yalishushwa, yakavuja, na ndege zikaoshwa. Da Nang wamemaliza mwaka 2018: udongo ulirundikwa kwenye chanja kubwa la zege, ukapashwa moto zaidi ya nyuzi 300 mpaka sumu ikavunjika. Karibu na hapa nilipo kuna Bien Hoa, kubaya kuliko kote, na kazi ndiyo kwanza inaendelea. Mwanzoni mwa mwaka huu fedha za Marekani zilisimamishwa ghafla, mashimo yakakaa wazi kwa wiki kadhaa kabla watu hawajarudi kazini. Mama mwenye nyumba ninapokaa ametokea huko. Bata hali mpaka ajue amefugwa wapi.

Mwanawe wa tatu ana miaka arobaini, hajawahi kutembea, na mama ndiye anayemlisha. Nilitaka kumuuliza, nikaona haya. Alisema mwenyewe, bila kulia: hajui kama ni ile sumu, hakuna aliyempima. Msalaba Mwekundu wa Vietnam unasema walioathirika ni kama milioni tatu. Marekani haikubali hesabu hiyo, inasema ushahidi juu ya watoto hautoshi. Mimi kinachoniudhi ni kwamba kwa askari wake mwenyewe ushahidi ulitosha: sheria ya 1991 inamlipa askari aliyepigana Vietnam akipata saratani kadhaa, baadaye wakaongeza na kisukari. Wavietnamu walipoyashtaki huko New York makampuni yaliyoitengeneza dawa ile, kesi ikatupwa mwaka 2005. Bahari ni moja, tope ni moja, mmoja analipwa na mwingine anaambiwa alete ushahidi.

Kuna kisa kimoja hakinitoki. Admirali Elmo Zumwalt, mkubwa wa wanamaji wa Marekani huku, ndiye aliyeamuru mito ya kusini inyunyizwe, ili wanamaji wake wasiviziwe kutoka kwenye mikoko. Mwanawe, mwenye jina lilelile, alikuwa nahodha wa boti kwenye mito hiyohiyo. Alikufa kwa saratani mwaka 1988, na mjukuu alizaliwa na ulemavu. Mzee aliamini ni ile dawa, na bado akasema angeamuru tena, kwa sababu iliokoa maisha ya vijana wengi. Nimemfikiria sana baba yule. Siwezi kumlaani, wala siwezi kumwelewa.

Na usidhani haya yako mbali nasi. Miaka ya mwanzo ya 1950 Waingereza walizijaribu dawa za ukoo huu kwenye vichaka vya Tanganyika na Kenya, wakisema wanawafukuza mbung'o. Halafu 2,4-D, ile nusu ya kwanza, si ndiyo mnayonyunyiza kwenye mpunga? Usishtuke, dioksini ile kali ilitoka kwenye nusu ya pili, iliyokwisha kuachwa. Lakini hapa nimesikia kwamba vita vilipokwisha watu waliyaokota yale mapipa, chuma kizuri, nani atakitupa, wakawekea maji na petroli.

Nikalikumbuka lile dumu lako la buluu la dawa pale uani, ulilolisugua kwa majivu na mchanga ukalifanya la maji ya kunywa. Harufu imetoka, najua, ulininusisha mwenyewe. Litoboe, Mwanaidi. Usimpe jirani, usiwekee mafuta ya kula, litoboe kabisa. Nikirudi Septemba nitakuletea ndoo mbili zenye mifuniko. Hapa sokoni ziko za kila rangi, niambie unataka ipi.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako,
Zuhura