Barua kwa Hamisi: Prado Linalochemsha Kitonga

Mbeya,
14 Juni.

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo imeshika kasi. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, hasa pale unapoeleza kwamba Prado lako lilichemsha katikati ya mlima wa Kitonga, ukasubiri lipoe, ukaongeza maji, ukafika Iringa salama, na kwamba fundi uliyempelekea amekwisha kukata hukumu: silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepasuka, tafuta nyingine.

Huenda anasema kweli. Injini yako, 1KZ-TE ya lita tatu, ina hedi ya alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma, na wenye magari hayo wanajua kwamba ikichemshwa hupata nyufa, mara nyingi kati ya sehemu zinapokalia valvu. Lakini hedi kwa kawaida haipasuki bila sababu. Kipo kitu kilichoifikisha hapo, na ukinunua nyingine bila kukijua kitu hicho, mwakani utakuwa unatafuta ya tatu. Kwa hiyo nakusihi usitoe hata shilingi ya hedi kabla ya kuyafanya haya ninayokuandikia.

Jambo la kwanza ni kujiuliza gari linachemsha wakati gani. Umeniambia kwamba kwenye foleni za Dar es Salaam mshale wa joto hautikisiki, na kwamba shida huja mlimani, gari likiwa limebeba watu na mizigo. Hiyo ni habari kubwa kuliko unavyodhani. Injini ya dizeli ikiunguruma bila mzigo huchoma mafuta kidogo mno, kwa hiyo hata mfumo wa kupoza uliochoka huweza kulimudu joto lake; mlimani mafuta huingia mengi, turbo inasukuma, na udhaifu wote hujitokeza kwa pamoja. Kama lingechemsha kwenye barabara tambarare kwa mwendo mkali, ningeielekea rejeta moja kwa moja, maana hapo upepo upo wa kutosha. Kitonga, ambako unapanda kwa gia ndogo nyuma ya malori, upepo wa mwendo haupo, hivyo feni nayo inabaki miongoni mwa washukiwa.

Sasa fanya hivi asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, ufunge, kisha mtu awashe injini nawe ushike ule mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Katika dakika ya kwanza na ya pili maji bado ni baridi, kwa hiyo hakuna sababu ya mpira huo kukaza. Ukikaza hadi usibonyezeke na huku chuma bado hakijapata moto, basi hewa ya mwako inapenya kuingia kwenye maji, ama kupitia gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku, ama kupitia ufa. Zima, kisha rudia mfuniko ukiwa wazi: mapovu machache ya mwanzo si kitu, ni hewa iliyonaswa, lakini yakiendelea bila kukoma na kuongezeka kila mafuta yanapokanyagwa, fundi wako hajakosea. Vuta na kijiti cha oili ukiangalie. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa haihitaji maelezo.

Kipo pia kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, ambacho hubadilika rangi kikikutana na hewa ya mwako. Ni kizuri, ila kwa dizeli kina mtego: injini ikiunguruma taratibu hewa hiyo huwa imechanganyika na hewa safi nyingi, na kipimo huweza kukuambia hakuna kitu. Mwambie anayekipima akanyage mafuta kwa muda. Tena ufa mwembamba huweza kujifunga injini ikiwa baridi na kufunguka ikishika moto, kwa hiyo majibu mazuri ya asubuhi hayaisafishi hedi moja kwa moja. Tazama tangi la akiba baada ya kupanda mlima: maji yakisukumwa kule yakafurika, na injini ikipoa hayarudi kwenye rejeta, shaka inabaki. Mfuniko usiufungue kukiwa na moto hata kidogo. Wapo watu wanaotembea na makovu ya usoni kwa haraka hiyo.

Mpira usipokaza, nenda kwenye vitu vya bei ndogo. Anza na huo huo mfuniko, ambao mafundi wengi hawaugusi. Mifuniko mingi ya Toyota za rika la Prado lako imeandikwa 0.9 au 1.1, nacho ndicho kiwango cha mgandamizo inaoshikilia. Ule wa 0.9 ukiwa mzima, maji huchemka yanapokaribia nyuzi 120 za Selsiasi ukiwa pwani. Ukiwa umechoka, yatachemka kwa nyuzi 100 hapo Dar es Salaam, na karibu 95 ukifika Iringa, kwa sababu ya mwinuko. Ndiyo maana mfuniko uliokufa unaweza kukuficha pwani miaka na miaka, kisha ukakuumbua mlimani.

Baada ya hapo, rejeta. Kwa nje, mulika kwa tochi kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake. Vumbi na mbegu za majani hujibana hapo, na mtu akiosha kwa mbele tu haziondoki. Kwa ndani, nahofia zaidi, kwa kuwa ulikiri mwenyewe kwamba umekuwa ukiongeza maji ya kisima. Maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya vijia vya rejeta na kuula mfumo kwa kutu. Safiri hadi injini ishike moto vizuri, zima, subiri feni isimame, kisha pima uso wa rejeta kwa kile kipimajoto cha kumulika. Joto lishuke kwa mpangilio. Ukikuta mabaka ya baridi katikati, maji hayapiti hapo. Ukipata rejeta nyingine, jaza kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu, na kisima ukiachie mimea.

Feni yako inaendeshwa kwa klachi yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono: inapaswa kukataa. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa, mafuta yameisha. Angalia pia kama kava lake la plastiki lipo zima, kwani feni isiyo na kava huvuta hewa ya pembeni na kuacha ya rejeta.

Kuhusu ushauri wa yule jirani wa kuing'oa themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, ili maji yapite bure, tafadhali usimsikilize. Themostati ya injini za aina hii ina kisahani cha chini, ambacho injini ikipata moto huifunga njia ya mkato ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa, na mlimani utachemsha mapema zaidi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone kama inafunguka karibu na nyuzi zilizogongwa juu yake.

Mshale wa dashibodi nao usiuamini sana. Toyota iliutengeneza ukae katikati kwa joto la viwango vingi, na ukiuona unapanda, mambo yamekwisha kuharibika. Nunua geji ndogo ya namba, kihisi chake kifungwe kwenye boliti ndogo iliyo juu ya hedi, si zile zinazoibana hedi kwenye bloku.

Na ikithibitika kwamba ni hedi, isipimwe kwa macho. Ipelekwe karakana inayoweza kuijaza hewa kwa mgandamizo ndani ya maji ya moto, na kabla ya kununua gasketi wapime pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, kwa sababu gasketi za injini hiyo huja kwa unene tofauti.

Niandikie kwanza majibu ya ule mpira wa asubuhi, mengine yatafuata. Na ile safari yako ya Njombe ya mwezi ujao, kama gari halijapata jibu, panda basi.

Wako,
Ambakisye