Kahawa ya kisiwani, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, sisi sote wazima. Nimefurahi kusikia umepata chumba huko kisiwani na kazi umeianza. Umeuliza kama ununue mashine ya kahawa ya kuweka nyumbani. Usinunue. Nenda mkahawani. Mimi niliishi kisiwani kabla hujazaliwa, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Kisiwa ni kidogo. Ukiingia mkahawani mara mbili tatu wameshakujua: hutii sukari, unapenda kukaa pembeni, na umepanga kwa nani. Wewe tangu utotoni hupendi kutazamwa, najua, lakini hilo usilikimbie. Chombo cha leo kimeahirishwa, maji yatakatwa kesho, fundi gani wa paa haibi misumari: mambo hayo utayasikia mezani kabla hayajatangazwa popote. Basi kunywa hapohapo, kwenye kikombe cha kuoshwa. Vikombe vya karatasi vinakunyima mazungumzo, na kisiwani takataka hazina pa kwenda.

Usianze na mkahawa wenye mandhari ya bahari. Huo umewekewa wageni. Utakwenda siku ukitembelewa. Tafuta unaofungua mapema kuliko yote, karibu na gati. Wapakizi na mabaharia hawana muda wa kubembeleza kahawa mbaya.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu wengi wanapolaumu buni bure. Kahawa ya kuchuja ni maji kwa asilimia 98 hivi. Kisima kilicho karibu na pwani huweza kuingiliwa na chumvi, na hakuna mkaangaji duniani atakayeiokoa kahawa iliyopikwa kwa maji hayo. Maji magumu, yenye chokaa nyingi, huua ule uchachu mzuri wa arabika, ile aina ya kahawa, na huacha magamba ndani ya birika. Ya bahari yaliyotolewa chumvi nayo yasiporudishiwa madini kidogo, kahawa hupooza. Kwa hiyo ukionja mahali pawili buni ileile na ladha zikaachana, muulize mwenye mkahawa maji anayatoa wapi. Uliza kwa adabu, si mbele ya wateja. Anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa.

La pili ni hewa. Buni iliyokaangwa hunyonya unyevu haraka, na upepo wa bahari umejaa unyevu. Ukiona imewekwa kwenye mitungi iliyo wazi kwa ajili ya kupendeza macho, agiza chai. Mkahawa mzuri hukaanga kidogo kidogo, hufunika vizuri, na husaga pale unapoagiza. Kama buni huletwa kwa meli ikiwa mbichi, hakuna neno, kwa sababu mbichi huvumilia miezi. Iliyokaangwa ng'ambo ndiyo hufika imechoka.

Halafu usiwasikilize wanaosema kahawa halisi ni ya bara. Aina iitwayo Bourbon imepata jina kwa kisiwa ambacho leo ni Réunion. Wafaransa walipeleka miche huko kutoka Yemen mapema karne ya 18. Kisiwani Java kahawa ilipandwa na Waholanzi, na Jamaika ina kahawa yake ya milima ya Blue Mountains. Sri Lanka nayo ilikuwa nchi ya kahawa hadi ugonjwa wa kutu ya majani ulipoonekana mwaka 1869 na kuimaliza mibuni. Wakulima wakahamia chai. Labda kisiwa chako kina shamba dogo mlimani. Kama lipo, kunywa ya kwao hata ikigharimu zaidi kidogo.

Jambo moja nakusisitizia: msimu wa wageni ukiisha, ndipo uende mara nyingi zaidi. Meza zitakuwa tupu, na mwenye mkahawa bado ana kodi ya kulipa na wahudumu wa kuwalipa. Miezi hiyo ndiyo inayoamua mkahawa upi utafungua tena. Isitoshe, ndiyo miezi ambayo atakuwa na nafasi ya kukaa nawe na kukuonjesha anachokikaanga kwa ajili yake mwenyewe.

Ukiniandikia tena niambie meli ya mizigo huja siku gani, na nani hukaanga buni hapo kwenu. Na kama kuna mahali wanasaga mbele yako, nifungie robo kilo ya buni nzima, usiisage, umpe yeyote anayesafiri kuja huku.

Mama yako